Juu ya Kuchagua Konveta ya Motokaa

Motokaa ya otomatiki ina chombo kimoja ambacho mwenye gari aweza kukaa nacho miaka kumi asijue kwamba anacho. Hakikanyagwi kama breki, wala hakishikwi kama usukani, wala hakina taa yake mbele ya dereva. Kimefichwa kati ya injini na giaboksi, mahali pale pale ambapo katika gari la gia za mkono hukaa klachi. Umbo lake ni la mviringo mnene, mfano wa kitumbua kikubwa cha chuma, na ndani yake mna mafuta. Waingereza wamekipa jina la maneno mawili. Gerejini kwetu neno la kwanza limeachwa, la pili likatwaliwa, na chombo huitwa konveta. Mimi, ambaye kazi yangu ni kufundisha Kiswahili, nimewaona watu wakihangaika kukitafutia chombo hiki jina refu la kigeni au jina refu zaidi la kienyeji, nami sioni haja. Neno konveta lina silabi tatu, laishia kwa irabu, na mvulana wa gereji hulitamka bila kigugumizi. Limekwisha kuwa letu.

Kazi yake ni hii. Fikiri mapangaboi mawili yaliyoelekezana uso kwa uso. Moja limewashwa, jingine limezimwa. Upepo wa lile la kwanza hulisukuma la pili, nalo likaanza kuzunguka, ingawa hapana chuma kinachoyaunganisha. Badala ya upepo weka mafuta, uyafungie yote ndani ya kitumbua chetu, na hiyo ni konveta. Gurudumu moja limefungwa kwa injini, nalo husukuma mafuta. La pili limefungwa kwa giaboksi, nalo husukumwa. Mtu aliyefika Kidatu, katika mkoa huu huu wa Morogoro, ameliona jambo hili kwa ukubwa mwingine: maji ya Ruaha Mkuu hupita katika mitambo, nayo mitambo ina uwezo wa kutoa megawati 204 za umeme. Lakini Kidatu maji yakishafanya kazi huenda zake. Ndani ya konveta mafuta hurudi, na katika kurudi kwake ndimo ilimo siri. Mafuta yatokayo katika gurudumu la pili yamegeuka mwendo, na kama yangerudi hivyo hivyo yangelipinga gurudumu la kwanza. Kwa hiyo huwekwa katikati gurudumu dogo la tatu, lisiloweza kuzunguka kinyumenyume, ambalo huyapinda mafuta na kuyaelekeza upande ufaao. Hilo ndilo liletalo nyongeza. Gari linapoanza kuondoka, nguvu ya msokoto iingiayo katika giaboksi huwa yapata mara mbili ya ile iliyotolewa na injini. Mwendo ukizidi nyongeza hupungua, hata magurudumu yakaenda karibu sawasawa.

Gurudumu hili la tatu lina jina la kigeni ambalo masikioni mwetu halitofautiani na stata, na stata kwetu ni kile chombo cha kuwashia injini. Nimesikia mabishano ya nusu saa gerejini kati ya watu wawili waliokuwa wakisema habari za vyombo viwili mbalimbali, na kila mmoja alikuwa na haki. Heri tuliite kielekezi.

Aliyebuni konveta ni Hermann Föttinger, Mjerumani, aliyepata hataza yake mwaka 1905. Hakuwa akifikiri motokaa. Alitaka mitambo ya mvuke ya meli, iendayo mbio mno, izungushe rafadha iendayo polepole. Mwaka huo huo, mwezi wa Julai, wazee wetu wa Umatumbi walianza vita juu ya Wajerumani kwa imani ya maji ya namna nyingine. Motokaa za watu binafsi zilingoja hata mwishoni mwa miaka ya 1940, Buick ilipoanza kuuza magari yenye konveta huko Marekani. Leo magari mengi tuletewayo kutoka Japani ni ya otomatiki, na kwa hiyo watu wengi wa Morogoro, wapende wasipende, wanayo konveta chini ya miguu yao.

Mimi nimeingia katika habari hizi kwa mlango wa ujomba. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba hawezi kusema kwamba mambo ya mpwa wake hayamhusu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana Toyota Mark II ya mwaka 2001, yenye injini ya silinda sita na lita mbili iitwayo 1G. Kiwandani injini hii ilitoa nguvu za farasi 160, na msokoto wa nyutoni-mita 200 hivi, injini ikiwa katika mizunguko 4,400 kwa dakika. Kijana hakuridhika. Aliweka kamshafti ifunguayo vali kwa muda mrefu zaidi, akabadili ekzosi akaweka pana, akaichonga silindahedi kidogo ili mgandamizo uongezeke. Si gari la mashindano. Kila siku huenda nalo kazini Kihonda, na kila mwezi mara moja hupanda nalo Nyandira, juu ya Mgeta, kumchukua mama yangu, yaani bibi yake, kumleta hospitali mjini. Mama ana maradhi ya moyo, na siku yake ya kuonana na daktari haingoji gari lipone.

Sasa, kamshafti ya namna hii ni kama mtu anayechukua kwa maskini akampa tajiri. Hutoa nguvu katika mizunguko ya juu, lakini huinyang'anya injini katika mizunguko ya chini. Alama zake zilionekana upesi. Gari likisimama katika kipilefti cha Msamvu, gia ikiwa imeingizwa na mguu ukiwa juu ya breki, injini ilitetemeka kama mwenye homa, kwa sababu konveta ya kiwandani ilikuwa imeanza kuivuta kabla haijawa na nguvu ya kuvutwa. Likitaka kuondoka lilisita, kisha likaruka. Akaja nyumbani jioni moja.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa heri?"

"Kwa heri. Nataka konveta ya elfu tatu."

Lazima nieleze maneno hayo, maana ugomvi wote umo ndani yake. Shika breki kwa nguvu gari lisiende, ingiza gia, kisha kanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini itapanda, itapanda, kisha itafika mahali isiweze kuendelea, kwa kuwa magurudumu yamezuiwa na mafuta ndani ya konveta yanaizuia nayo. Mahali hapo ndipo napaita mizunguko ya kizuizi. Konveta ya elfu mbili huikamata injini katika mizunguko 2,000 kwa dakika. Ya elfu tatu huiacha ipande hata 3,000 kwanza. (Jaribio hili lisizidi sekunde tano, na lisifanywe mbele ya ukuta wa jirani.) Kijana alikuwa na hoja, nami sikuidharau: ikiwa injini yangu haina nguvu katika 2,000, yafaa nini konveta inayoikamata katika 2,000? Iacheni ifike palipo na nguvu ndipo ishikwe.

Hoja hii ni kweli kwa mtu aondokaye kwa kasi katika barabara tambarare. Fedha alizokuwa nazo, pamoja na nilizokusudia kumwongezea, zilitosha konveta moja. Hazikutosha mbili. Na gari lenyewe lilikuwa moja, la kwenda Kihonda na la kwenda Nyandira.

Njia ya Nyandira huacha barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga, ikapita Mlali chini ya milima, kisha ikaanza kupanda. Mji wa Morogoro uko yapata mita 500 juu ya usawa wa bahari; mashamba ya juu ya Mgeta, yenye kabichi, karoti na njegere katika matuta yaliyopangwa kama ngazi, yamezidi hapo kwa mita elfu moja na zaidi. Njia hujikunja na kujikunjua. Wakati wa masika huwa na makorongo na mawe, na mara nyingi mtu hujikuta nyuma ya lori lililojaa, asiweze kulipita, wala asiweze kurudi. Hapo gari hutambaa kwa kilomita nane kwa saa, muda wa nusu saa au zaidi, na hapana upepo wa kutosha kupoza kitu.

Nilichukua karatasi tukafanya hesabu za kukadiria, mimi na yeye, mezani. Gari lenye watu na mizigo lina kilo 1,600. Katika mwinuko wa mita 20 kwa kila mita 100, kwa mwendo huo wa kilomita nane, giaboksi inahitaji kupokea kilowati tisa hivi. Konveta haipitishi zote ilizopewa. Zile isizopitisha huwa joto ndani ya mafuta. Ikiwa ni konveta ya elfu mbili, katika hali hiyo hupoteza kilowati moja na nusu. Ikiwa ni ya elfu tatu, injini huzunguka mbio zaidi na mafuta huteleza zaidi, hata kilowati tatu na nusu zikapotea. Pasi ya umeme ya kawaida ni kilowati moja. Nikamwambia, "Tazama, utakuwa umewasha pasi tatu na nusu ndani ya kitumbua kimoja, kwa nusu saa, na bibi yako amekaa kiti cha nyuma." Mafuta ya gia yana tabia mbaya: kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba kila joto lizidipo kiasi chake kwa nyuzi 11 hivi, umri wa mafuta hupungua kwa nusu. Yakiisha kuungua huwa meusi, yananuka, na sahani za ndani ya giaboksi huanza kuteleza. Gari la namna hiyo halifi ghafula. Hufa mlimani, saa za magharibi, likiwa na mgonjwa.

Naye akanijibu kwa jambo ambalo mlima huo huo unalithibitisha. Mjomba, alisema, kutambaa si kazi pekee ya mlimani. Kuna na kuanza. Lori likisimama mbele yetu katika kona kali, nasi tukasimama, hapo magurudumu hayaendi kabisa, na injini yenye kamshafti hii ikikamatwa katika 2,000 haina kitu cha kuzidishwa mara mbili. Mara mbili ya kidogo ni kidogo. Tena juu kule hewa ni nyepesi. Hili nalo ni sahihi: kutoka mita 500 hata mita 1,600 uzito wa hewa hupungua kwa sehemu kumi katika mia, na injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu kwa kadiri hiyo hiyo. Basi mlima mmoja ulitaka vitu viwili vinavyopingana: wa kutambaa ulitaka konveta yenye kushika mapema, na wa kuanza ulitaka yenye kushika kwa kuchelewa. Tulinyamaza kidogo, chai ikapoa.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalisemi na wanunuzi hawaliulizi. Ile namba ya konveta si sifa ya konveta peke yake. Konveta ile ile ikifungwa kwa injini yenye msokoto mwingi hutoa namba kubwa, na ikifungwa kwa injini dhaifu hutoa namba ndogo. Kwa kanuni, mizunguko ya kizuizi hufuata kipeuo cha pili cha msokoto. Msokoto ukiongezeka kwa robo, mizunguko ya 2,000 huwa karibu 2,240. Ukipungua kwa sehemu kumi katika mia, kama pale Nyandira, 2,000 huwa 1,900. Kwa hiyo mtu aagizaye konveta ya elfu tatu iliyopimwa nyuma ya injini kubwa ya Kimarekani, akaifunga nyuma ya injini yake ya lita mbili, hatapata elfu tatu. Mtu akikuambia namba, muulize: kwa injini gani? Mimi husema hivyo hivyo kwa wanafunzi wanaoniletea maana ya neno bila sentensi lilimotoka, lakini hilo ni jambo jingine.

Kesho yake tulikwenda kwa fundi wake. Ni mzee wa makamo asiye na maneno mengi, aliyejifunza kazi katika malori kabla ya magari madogo. Aliniita mwalimu, akanipa kigoda, akatoa chini ya meza konveta iliyotumika, ya gari lenye injini ndogo zaidi ila giaboksi yake ni ya jamii moja na ya Mark II. Akaiweka kando ya ile ya zamani. Ilikuwa ndogo kwa kipenyo, kama sehemu moja katika kumi. Kwa macho tofauti ilikuwa haba. Lakini uwezo wa konveta kuishika injini hufuata kipenyo chake kilichozidishwa chenyewe mara tano. Kipenyo kikibaki sehemu tisa katika kumi, na mapanga yakiwa na umbo lile lile, uwezo hubaki chini kidogo ya sehemu sita katika kumi. Kwa injini isiyobadilishwa, konveta ya 2,000 ingekuwa ya 2,600. Ukitoa upungufu ulioletwa na kamshafti huko chini, nikapata 2,400 hivi. Fundi hakufanya hesabu. Aliitazama kwa muda, akasema, "Hii itakamata elfu mbili na mia tatu, mia nne." Sikumwuliza amejuaje.

Kijana alikunja uso kwa sababu ya neno "iliyotumika", na hofu yake ilikuwa ya haki. Konveta haifunguki, imechomelewa pande zote, na uchafu wa giaboksi iliyokufa hukaa ndani yake ukingoja giaboksi nyingine. Fundi akaiinamisha, akayamwaga mafuta yaliyobaki juu ya kitambaa cheupe. Yalikuwa mekundu yaliyofifia, hayakunuka kuungua, wala hayakuwa na vumbi la chuma. Akaingiza vidole akakizungusha kielekezi: upande mmoja kilikwenda, upande wa pili kikagoma, kama ipasavyo. Akahesabu meno ya shimo liingiamo shafti ya giaboksi, akalinganisha shingo iingiayo katika pampu, akapima nafasi za bolti. Mambo hayo matatu yasipolingana, maneno yetu yote ya mizunguko na kilowati ni hadithi ya jioni. Akatuonyesha pia kwamba ina klachi yake ya ndani, ile ambayo gari likishika mwendo katika barabara kuu huyafunga magurudumu mawili yakawa kitu kimoja, mafuta yasiteleze tena. Zile za mashindano aghalabu hazina klachi hiyo. Kwa mtu aendaye Dar es Salaam, kilomita 190 na kitu, ni tofauti ya mafuta ya petroli na tofauti ya joto, safari nzima.

Sharti langu likawa moja: fedha iliyobaki baada ya kununua kitu kilichotumika badala ya kipya iende katika rejeta ndogo ya mafuta ya gia, ifungwe mbele ya rejeta kubwa, pamoja na kipimo cha joto ambacho dereva anakiona. Kijana aliona ni vitu vya mzee. Fundi aliona ni vitu vya lori. Wote wawili walisema kweli, na vikafungwa.

Jaribio la breki lilitoa mizunguko 2,350. Pale Msamvu mtetemeko umepungua sana, ingawa haukwisha. Kamshafti ni ile ile. Katika barabara ya Dodoma gari huondoka bila kusita, na kijana husema lingeondoka vizuri zaidi kwa elfu tatu, jambo ambalo sikulikana tangu mwanzo. Mwezi uliofuata nilipanda nao Nyandira, nikakaa mbele nikikitazama kipimo kama mganga atazamaye ramli. Mlali kilisoma nyuzi 84. Juu zaidi, nyuma ya lori la mabati lililokuwa likipumzika kila kona, kilipanda hata 107, kikasita hapo. Tulisimama mara mbili katika mwinuko na mara zote mbili gari likaondoka, matairi yakirusha mawe, bila kurudi nyuma. Tulipofika uwanjani kilikuwa 101, na injini ilipoachwa iende taratibu kikaanza kushuka.

Mama hakuuliza habari za konveta. Alikaa kiti cha nyuma, akaweka kikapu cha karoti miguuni, na tulipokuwa tunateremka akasema gari siku hizi haliruki likiondoka, je, limepunguzwa nguvu? Mjukuu wake alinitazama. Ile ya elfu tatu bado anaitaka. Nimemwambia anunue kwanza gari la pili la kuifungia, naye ameanza kuweka akiba.